Matusi ya Kumlinda Mtoto

Mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa kabija. Mvua ziliozesha mpunga mashambani, mchele ukapotea sokoni Mahabibo, na Mahajanga nzima ikala unga wa kabija, kile kiazi cha mwituni kinachooshwa na kuoshwa tena mpaka uchungu utoke. Asubuhi uji wa kabija, jioni uji wa kabija, na mwenye bahati alitia tui. Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka, redio zinaimba uhuru, na sisi tunacheua kabija. Ukitaka kujua mwanangu wa kwanza ana umri gani, usiniulize karatasi. Waulize waliokula kabija.

Nilizaliwa Nosy Be, nikaolewa Mahajanga. Shule yangu ilikuwa chuo cha Kurani basi, na Kiswahili hiki ninachoandika ni cha bibi yangu mzaa baba, aliyesali kwa Kiarabu na kugombana kwa Kiswahili. Uani kwetu Mahabibo hakikuzungumzwa. Kulikuwa na Kisakalava na Kingazija, vimechanganyika kama mchuzi na wali. Maneno ya watu humu nimeyageuza Kiswahili mimi, na sikuyapaka sukari.

Ua ule ulikuwa wa bibi mmoja wa Kingazija ambaye sote tulimwita Koko, yaani nyanya. Milango ya wapangaji ilitazamana, katikati bomba la maji, na kando ya bomba benchi lenye mguu mmoja mfupi. Na katika ua ule kila kitu kilikuwa na ugonjwa. Jogoo akiwika adhuhuri ni adala, yaani kichaa. Jiko lisiloshika moto ni kiziwi. Mume asiyejibu ni bubu, mke aliyesahau chumvi ni punguani. Benchi lilikuwa kiwete. "Hebu nisogezee huyo kiwete nikae." Kicheko. Kila siku kicheko kile kile, kama hawajawahi kukisikia.

Chumba cha mwisho alikaa mdogo wake Koko wa kiume, mtu mzima aliyepotewa na akili tangu ujana wake. Alikuwa akikaa dirishani akijiimbia. Adala, kichaa, punguani, yote yalipita mbele ya dirisha lile tangu alfajiri hadi magharibi, kama maji ya kuoshea samaki yanayomwagwa mlangoni kwa mtu.

Sasa lazima nieleze desturi, la sivyo mtaniona mgomvi tu. Kwetu mtoto mchanga hasifiwi. Ukimsifu umemwitia kijicho. Mgeni akiingia kumtazama, humtukana. Kule Nosy Be mama yangu alikuwa akisema, "Ratsy be! Mbaya huyu, panya huyu!" kisha anatema mate kidogo pembeni, mzazi anacheka, roho yake inatulia. Mgeni asiyetukana ndiye wa kuogopwa: kanyamaza, ana nini moyoni? Desturi hiyo sina ugomvi nayo. Panya, nyani, kinyesi cha mbuzi; hakuna aliyeumia, hata mbuzi.

Lakini wanawake wa ua ule panya hakuwatosha. Walishindana.

"Loo, kipofu gani huyu!"

"Kipofu, na kiziwi juu yake!"

"Kitazameni kichwa. Taahira mtupu!"

Wanacheka mpaka nguo zinawadondoka kiunoni. Walidai kwamba neno likiwa chungu zaidi, kinga nayo ni kali zaidi. Mimi nikisema panya wangu, walinitazama kama mshamba aliyeteremshwa bandarini Ankify na mzigo wa kuku. Sawa, mshamba.

Mwanangu akazaliwa. Msichana. Mguu wa kushoto umepinda kwa ndani, wayo unautazama mwenzake. Mkunga aliufunika upesi, kama mtu anayeficha cha wizi. Nikaufunua. Ulikuwa mguu, una vidole vyake, una joto lake. Nikaubusu. Mguu huo huo umetembea, umebeba mimba, umenipa wajukuu ambao Mahajanga nzima sijaona wa kufanana nao. Nawasifu kwa sauti, mchana kweupe, na kijicho kikitaka kije kinikute mlangoni.

Siku ya saba wanawake wakaja kumtazama. Mume wangu alikuwa kuli bandarini, akapata mchele, sijui alimpigia nani magoti, na nikapikiwa wali wa nazi na kisamvu. Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, mke wa fundi cherehani. Alikuwa mdogo kwangu, aliniita zoky, dada mkubwa, na mimi nilimpenda kama tumetoka tumbo moja. Aliingia na tusi tayari mdomoni; nililiona limemjaa mashavuni. Akamfunua mtoto. Akaona. Akalimeza tusi lake.

"Mashallah," akasema. "Mzuri, zoky. Mzuri sana."

Wengine wakasogea, wakachungulia, wakapokezana. "Macho hayo!" "Nywele kama hariri!" "Mashallah, mashallah." Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyetema mate.

Sikuhitaji kufafanuliwa. Mtoto anayetukanwa ni mtoto wa kuonewa wivu. Wangu walimsifu kwa kuwa waliona hana cha kuibiwa. Walimsifu kama watu wanavyosifu sanda: nyeupe, safi, kitambaa kizuri. Na huku wanakula wali wangu, vidole vinang'aa tui, mwaka ambao watu walilamba kabija.

Wakati wa kutoka, mmoja akajikwaa kizingitini.

"Angalia mbele, kiwete we!" mwenzake akamwambia.

Wakaangua kicheko, halafu mtu akafanya "shii!" Na hiyo "shii" ndiyo iliyonimaliza. Kumbe walijua. Miaka yote ile neno si mchezo tu, lina mwenyewe, na walijua mwenyewe anakaa wapi. Nikainama kando ya kitanda nikatapika wali wote.

Jioni Koko akaja peke yake, akaketi mkekani.

"Meza, mwanangu," akaniambia. "Mimi mdogo wangu wanampitishia adala dirishani kila siku. Mimi humeza."

"Wewe unameza, Koko. Na yeye?"

"Yeye haelewi."

Ukuta wa chumba changu ulipakana na wa ndugu yake. Alikuwa ameacha kuimba.

Maisha yakaendelea. Nilimfunga mwanangu mguu kwa vitambaa kama daktari alivyonionyesha, nikaufungua, nikaukanda kwa mafuta, nikaufunga tena. Pale bombani benchi likapata adabu: nikiwapo wanaliita "huyu bwana", nikigeuka tu linarudi kuwa kiwete. Nilisikia. Masikio yangu hayakuwa yamepinda.

"Zoky, ni maneno tu," yule mdogo wangu wa mlango wa pili aliniambia. Naye wakati huo alikuwa na mimba kubwa. "Hakuna anayemtaja mwanao."

"Kama hamumtaji, mbona mnanitazama kila mkishakaa?"

Akacheka, akanishika mkono.

Akajifungua mvulana. Mnene, mweusi wa kung'aa, analia kama mwenye nyumba. Siku ya kumtazama nilikwenda kama wengine, na sabuni na bakuli la uji, mwanangu mgongoni. Niliwakuta wamefika mbali. Wameshamaliza kipofu, wameshamaliza kichaa, na aliyekuwa akisema kiwete alisema akinitazama kwa pembe ya jicho, kisha akajifuta mdomo. Mzazi akanipa mtoto nimpakate. Nikamtazama. Alikuwa mtoto mzuri na mimi nilifurahi, Mungu ndiye shahidi.

"Panya huyu," nikasema, nikatema mate pembeni. "Panya wa ghalani."

Mama mkwe wa jirani yangu, mwanamke wa sauti kama msumeno, akauliza, "Panya tu?"

"Panya tu."

"Wenzako wote wamesema. Wewe ndiye tunayekuhitaji zaidi. Likitoka kinywani mwako wewe, mwenye nalo nyumbani, ndiyo kinga yenyewe. Sema kiwete, mtoto ashike uzima."

Neno lile lilikuwa chungu kuliko kabija isiyooshwa. Basi mguu wa mwanangu ulikuwa umepata kazi. Kumsifu walimsifu kwa huruma, sasa wanataka kumchovya kama majani ya dawa, wamnyunyizie mtoto wao.

"Sisemi," nikawaambia. "Mwanangu si hirizi ya mtu."

Nikamrudisha mtoto mikononi mwa mama yake, nikaenda zangu.

Baada ya siku mbili yule mvulana akashikwa na homa, akakataa ziwa. Hapo ua mzima ukapata akili ghafla. Mwanawe ana kilema, wetu hana. Wote wametukana, yeye kagoma. Basi jicho ni lake. Mama mkwe akaja kusimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Njoo useme, mwenye jicho we! Unataka wawe wawili?"

Wawe wawili. Yaani wangu ni msiba wa kwanza.

Nilikwenda, si kwa ajili yake. Mtoto alikuwa moto kama chungu. Nikamfungua nguo, harufu ikanipiga usoni: kitovu walikipaka majivu, na chini ya majivu kimeoza.

"Kitovu hiki. Mpelekeni kwa daktari sasa hivi."

"Sema kwanza," mama mkwe akasema, "ndipo aende."

Mdogo wangu alikuwa analia kitandani, hatazami huku wala huku. Nikamgeukia mumewe, yule fundi, aliyeegemea mlango na utepe wake wa kupimia bado shingoni.

"Wewe ni baba au ni mwimo wa mlango?"

Akazinduka. Akaita posiposi, kigari cha kuvutwa na mtu, tukapanda mimi na mama mtoto na watoto wetu wawili, yeye akakimbia pembeni kwa miguu mpaka zahanati. Daktari alisafisha kitovu, akapiga sindano, akawaambia majivu yabaki jikoni. Mtoto akapona.

Mnadhani ua ulisema nini? Ulisema nilitukana kimoyomoyo njiani, ndiyo maana amepona. Neno langu ambalo sikulisema ndilo lililomtibu, na sindano ikakosa shukrani. Na mdogo wangu, aliyekaa paja kwa paja nami katika kigari kile, aliyeona kila kitu, aliwasikia wakisema hivyo, akaendelea kumenya ndizi zake.

Ilipokaribia arobaini ya mtoto, mama mkwe akamwambia Koko kwamba hawezi kulea mjukuu katika ua wenye jicho. Koko akakata shauri: nimtukane mtoto mbele ya watu, kwa kiwete kama wenzangu, yaishe, au nitafute ua mwingine. Mume wangu alirudi kutoka bandarini na vumbi la magunia kwenye kope, nikamwambia.

"Ni neno moja, mama mtoto," akasema taratibu. "Mwaka kama huu, nani atatupangisha?"

"Wewe ungelisema?"

Akamtazama mtoto aliyelala, mguu umefungwa vitambaa. Asubuhi ya karamu ya arobaini niliona ameshaviringisha godoro letu na kulifunga kamba. Mume wangu alikuwa ananijua.

Tukaketi uani, wanawake upande wetu, mikeka imejaa. Masinia ya bokoboko yamewekwa katikati, ngano na nyama iliyopondwa, samli inaelea juu, na hakuna mkono uliogusa. Walikuwa wananingoja mimi ndipo wale. Koko alikuwa mbele yangu. Mdogo wangu akanyanyuka na mvulana wake, akaniwekea kwenye goti la kulia. Kwenye la kushoto alikuwa mwanangu, ambaye mara moja alimshika mwenzake sikio.

"Zoky, sema tu, tule," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Mimi sitaki uondoke."

"Unajua kwamba sikumtia mwanao jicho?"

"Najua."

"Waambie basi."

Akawatazama. Akamtazama mama mkwe wake. Akainamisha kichwa, akaanza kulainisha mkeka kwa kiganja.

Mama mkwe akachoka kungoja. Nyama ilikuwa inapoa.

"Kama kiwete kinamkwama, aseme adala!" akasema. "Adala si wake. Hapo haumii mtu."

Wanawake wakaona ni shauri jema, wakatikisa vichwa. Koko hakutikisa. Alitazama vidole vyake vyenye hina iliyoanza kufifia, nami nikamngoja. Nilimpa nafasi, ningempa hata alasiri nzima. Kutoka chumba cha mwisho sauti ya ndugu yake ilikuwa inatujia, anaimba. Koko akameza mate. Niliona koo likipanda na kushuka.

"Sema adala basi, mwanangu," akasema. "Yaishe."

Nikawatazama midomo yao mmoja mmoja, imelowa kwa hamu ya nyama, na nikaona kinyaa ambacho sijakiona tena hata penye maiti. Nikamtoa mwanangu mkono kwenye sikio la yule mvulana, nikampa mama yake mtoto wake, nikasimama.

"Sisemi," nikawaambia. "Mwanangu si hirizi ya mtu. Na mdogo wako, Koko, naye si hirizi ya mtu."