Getruda huvua medali yake kwanza

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha eksirei cha hospitali moja mjini Nachingwea, mzee amegoma.

Ni Mzee Seleman, mkulima kutoka Kilimarondo. Anakohoa mwezi wa tatu huu. Nyumbani walisema ni salfa, maana msimu wa kupulizia mikorosho nani hakohoi? Lakini salfa haimkondeshi mtu hivi. Daktari anataka picha ya kifua, na juu ya kifua hicho inaning'inia hirizi ya ngozi.

"Hii haitoki, mwanangu," anamwambia mpiga picha. "Tembo wamemaliza mahindi ya majirani wote. Mimi wananipita."

Mpiga picha huyo, Getruda Lilembo (47), habishani. Anafungua mkufu wake mwenyewe, anaibusu medali ya Bikira Maria, kisha anaiweka kwenye bakuli la bati lililotandikwa kitambaa cheupe. Bakuli anampa Samia, binti wa mzee.

"Yangu hiyo, babu. Na mimi inanilinda. Zikae pamoja, mwanao azishike kule nyuma ya kioo, unamwona."

Mzee anaitazama medali, anamtazama binti yake. Anainamisha shingo, Samia anafungua fundo.

"Mashine inachukua sekunde moja tu," Getruda ananiambia baadaye. "Dakika kumi zote ni za shingo."

Hakuzaliwa na subira hiyo, na mwenyewe hafichi.

"Zamani nilikuwa mkali. Nasimama mlangoni, nasema, 'Ushirikina wenu acheni nje!' Basi wakawa hawavui, wanaficha."

Mwaka 2009, Mwanamvua, mkulima wa ufuta kutoka Mandawa, aliisukumia hirizi yake mgongoni, chini ya shuka la hospitali. Ndani yake kilishonewa kipande cha chuma. Picha ikaonyesha doa jeupe kwenye pafu, naye akapelekwa hospitali ya rufaa akiamini ana kansa. Wiki mbili nzima alikuwa akiwaaga wanawe. Picha ya pili ikatoka safi.

Mwanamvua aliporudi, Getruda alingoja matusi.

"Aliniuliza kitu kimoja: 'Na wewe, dada, hiyo ya shingoni mwako huwa unaiacha wapi?' Nililia mbele yake kama mtoto."

Kesho yake alinunua bakuli. Wenzake walimcheka, wakasema sasa kafungua kilinge cha mganga. Yeye akaendelea, na anaendelea hadi leo, wagonjwa kama ishirini kwa siku, wa msikitini na wa kanisani. Hirizi ya mtu haigusi, huishika ndugu wa mgonjwa. Nimekutana na wataalamu wengi wenye vyeti ukutani. Mwenye bakuli ni huyu mmoja, nami namvulia kofia.

Picha ya Mzee Seleman inatoka bila doa lisilo lake. Daktari anaona dalili za kifua kikuu, na kufikia mchana kipimo cha makohozi kinathibitisha. Miezi sita ya dawa, anaambiwa, na akimaliza dozi atarudi shambani kwake. Samia anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Getruda ana mpango. Hospitali inatarajia mashine ndogo ya kubebeka, naye ameshaomba awe wa kwanza kuzunguka nayo vijijini, aanzie Kilimarondo, ambako wengi bado wanakohoa na kuisingizia salfa.

"Mashine vijana wanafundishwa chuoni," anasema. "Bakuli nitawafundisha mimi."

Mzee Seleman, hirizi imesharudi shingoni, amesikia. Anatia mkono kwenye bakuli, anaitoa medali iliyobaki na kumkabidhi Getruda kwa mikono miwili.

"Ukija kwetu, mwanangu, hii usiivue njiani," anamwambia. "Tembo hawaijui eksirei."