Nilivyompata rafiki yangu wa game Kanduyi kwa notisi ya stima, na nilivyompoteza siku hiyo hiyo

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii sikusimuliwa na mtu, nilifanya mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na mahali nimebadilisha kitu nitawaambia.

Wiki hii yote naona mnabishana kuhusu ile habari ya app zinazosikiliza maongezi ya watu. Wengine mnasema tuzime mic. Wengine mnasema sisi ni nani hata mtu atusikilize.

Mimi nilikuwa kundi la pili. Ati nani atamfuatilia fundi wa simu anayelala kwa chumba cha mabati Kitale?

Sasa sikieni.

Niliacha shule form two, na tangu hapo sijatulia mahali. Naweka bisibisi, gundi na vioo vya simu kwa begi, nafuata siku za soko. Leo Kitale, kesho Kapsokwony, keshokutwa Malakisi. Naweza kufungua karibu simu yoyote.

Ukiishi hivyo hakuna anayekuuliza jana ulikuwa wapi. Mwanzoni ni raha, bana. Baadaye unagundua siku tatu zimepita na hakuna mtu ametamka jina lako.

Ndio nikaingia kwa game. Ile ya kushuka na parachuti, watu wanne kwa squad. Humo nikakutana na mtu nitakayemwita Nyundo. Jina lake halisi la game halikuwa hilo.

Nyundo hakuwa anafungua mic, aliandika tu. Na mchezo wake ulikuwa wa ajabu kidogo: mwenzake akianguka, anarudi. Hata risasi zikinyesha, anarudi kukuinua, halafu mnakufa wote wawili.

Nikamwambia, "Utatumaliza, si uniache tu."

Akaandika, "Siwezi kuacha mtu chini."

Tulicheza miezi saba, kila siku saa saba mchana, wakati wateja wamepungua. Kabla ya kuanza ananiuliza, "Umekula?"

Hiyo tu. Mnaweza kucheka, lakini hakuna mwingine aliyekuwa akiniuliza.

Siku moja nikamuuliza yuko wapi. Akaandika, "Kenya."

Nikauliza tena wiki nyingine. "Bado Kenya. Cheza."

Shida yangu ni kwamba kitu kikifungwa lazima nikifungue. Tabia hiyo ndiyo iliyonifundisha ufundi bila darasa. Ndiyo hiyo hiyo iliyoniharibia.

Siku fulani Nyundo akaandika kwamba kesho yake hatakuwepo. Stima ingekatwa saa tatu mpaka saa kumi na moja, na wifi aliyotumia ilikuwa ya jirani.

Mnajua zile notisi za kukatiwa stima huwekwa mtandaoni, na maeneo yote yametajwa. Nikazitafuta, nikahifadhi. Baada ya wiki tatu akasema tena kesho hakuna stima. Nikachukua orodha ya pili, nikaweka kando ya ile ya kwanza.

Majina yaliyokuwa kwa orodha zote mbili yalikuwa manne. Moja lilikuwa Kanduyi, pale kando ya mji wa Bungoma.

Halafu siku moja mic yake ikafunguka kwa bahati mbaya. Sekunde chache tu. Nikasikia filimbi ya refa, watu wakishangilia bao, na sauti ya mwanamke karibu kabisa: "Jaribu hiyo namba nane, mama, ni ngozi."

Kati ya yale manne, uwanja wa mpira uko Kanduyi. Viatu vinauzwa kando ya barabara. Na Nyundo ni mwanamke. (Bidhaa nimebadilisha, hakuwa anauza viatu.)

Nilijiona mpelelezi. Wazo la kumuuliza kwanza hata halikunipitia. Nikanyoa, nikavaa shati safi, nikabeba na kioo kipya cha simu, kwa sababu aliwahi kuniambia chake kimepasuka na anacheza akiona nusu.

Nilifika Kanduyi saa nne na nusu asubuhi. Vibanda vya viatu vilikuwa vitano au sita, na sura yake sikuijua. Basi nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nafumba macho. Nikasimama katikati ya watu, nikaita kwa sauti:

"Nyundo!"

Mwanamke mmoja akainua kichwa. Miaka arobaini hivi, mkono mmoja kiatu, mkono mwingine brashi.

Mama aliyeuza ndizi kando yake akaangua kicheko. "Kumbe unaitwa Nyundo! Na huyu kijana ni wa nani, mbona unatuficha?"

Yeye hakucheka. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni mimi, wa game. Fundi."

"Umejuaje niko hapa?"

Na mimi, wakuu, nikaeleza. Nikaeleza kwa furaha, kama mtoto anayeonyesha mwalimu hesabu aliyoipata. Notisi, filimbi, namba nane. Nikangoja anisifu.

Aliweka kiatu chini polepole. Akaangalia barabara upande huu, akaangalia upande ule.

"Kijana, kuna mtu nilimtoroka," akasema kwa sauti ya chini. "Nilibadilisha laini, nikahama mji, nikaacha hata kanisa. Huu ni mwaka wa pili. Wewe umenipata na notisi ya stima. Yeye atashindwa na nini?"

Nikamwambia sitamwambia mtu.

"Najua. Lakini umeniita mbele ya soko lote."

Nikatoa kile kioo. Hakukichukua. Akauliza, "Umekula?"

Nikasema bado. Akamwambia mama wa ndizi anipe mbili. Halafu akaanza kupanga viatu kwa gunia, na hata saa sita haikuwa imefika.

Jioni hiyo akaunti yake ilikuwa imefutwa. Siku hizi nikianguka, squad inasonga mbele.

Wiki iliyofuata nilirudi. Nilijiambia nimepita tu. Kibanda kilikuwa mbao tupu, na mama wa ndizi aliniona kabla sijafika.

"Si ni wewe ule wa Nyundo?"

"Ni mimi, mama. Alienda wapi?"

"Sijui."

"Si uniambie tu kama yuko salama?"

"Nimesema sijui. Na ningejua, si wewe ningeambia. Nunua ndizi ama upite."

Nikanunua. Nimefungua simu nyingi, wakuu, lakini sijapata yenye ulinzi kama huyo mama. Nilirudi Kitale nikimshukuru kimoyomoyo, na roho ikiniuma.

Kampuni za nje zinatusikiliza au hazitusikilizi, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilichofanya hakikuhitaji kampuni. Kilihitaji bundles, muda, na mtu mpweke anayedhani upweke unampa haki ya kujua. Mtu akikujibu "Kenya", hajasahau kutaja mji. Hilo ndilo jibu lake.

Kanduyi nimeitaja kwa sababu alishatoka huko. Alikoenda sijui, na kwa mara ya kwanza maishani kuna kitu nimeamua kutokifungua.

Karibuni mseme, hata matusi nitasoma. Ila kama kuna mtu hapa anajua njia ya kumwomba mtu msamaha bila kumtafuta, tafadhali aandike.