Mzinga wa Editha

Wiki iliyopita nilishuka Kitai kubadili basi, na nyuma ya kituo palikuwa na fundi anapiga randa mbao za paini. Harufu ya maranda mabichi, tamu kidogo na yenye kukereketa pua, ilinisimamisha palepale na mfuko wangu mkononi. Wengine harufu hiyo huwakumbusha kitanda kipya au benchi la kanisani. Mimi hunikumbusha wivu. Sijawahi kumsimulia mtu habari hii yote, basi nisikilizeni ninyi.

Nilizaliwa Kitura, mtoto pekee wa mkulima wa kahawa ambaye, kila mavuno yakiisha, aligeuka fundi wa mizinga ya nyuki. Ufundi wenyewe hakuusomea popote. Alikuwa na msumeno mmoja, randa moja, nyundo yenye mpini wa kuchonga mwenyewe, na meza ya kazi aliyoiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Wenzangu walikatazwa kugusa vifaa vya baba zao. Mimi nilishika ncha ya futi kamba tangu nikiwa na miaka sita. Baba anapima, mimi nashikilia, yeye anachora kwa penseli, kisha anairudisha nyuma ya sikio. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, lakini niliamini kwamba bila mimi Kitura nzima isingekuwa na mzinga hata mmoja.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, akaja Editha. Mama yake, shangazi yangu, alikuwa amefariki huko Lituhi. Baba yake, fundi wa maboti, alikwenda kutafuta kazi ng'ambo ya ziwa na hakuleta habari tena. Editha alifika na begi la nguo na mfuko wa usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, ambao harufu yake ilikaa chumbani kwetu wiki nzima. Alinizidi mwaka mmoja. Siku ile alimwamkia kila mtu shikamoo, mpaka akaniamkia na mimi kwa bahati mbaya, akacheka mwenyewe. Nilimpenda kwa siku tatu.

Siku ya nne Baba alikuwa anachagua mbao. Editha akaokota moja, akaiinua usawa wa uso, akafumba jicho moja.

"Mjomba, hii imepinda. Ukiipigilia, maji yataingia."

Baba naye akaichukua, akafumba jicho. Kisha akacheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata kwa miaka yote ya kushika futi kamba. "Mwanangu, hatutengenezi mtumbwi hapa! Lakini kweli imepinda." Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akampa.

Penseli ile. Mimi sikuwahi hata kuishika.

Kuanzia hapo Baba akamfundisha kila kitu. Akamfundisha viunzi, vile vijibao vinavyopangwa juu ya mzinga, ambavyo nyuki huning'inizia masega yao. Visipolingana upana, nyuki hujenga ovyo. Viunzi vya Editha vilitoka sawasawa kama mapacha; vyangu vilitoka kama meno ya bibi. Baba alipotuambia kila mmoja atengeneze mzinga wake, wangu ulimeza misumari mingi kuliko paa la kanisa. Baba aliusifu mara tatu, akaurekebisha pembe mbili. Wa Editha aliupitishia kiganja tu, taratibu, asiseme neno. Nilijua maana ya ukimya ule. Mimi nilisifiwa kama anavyosifiwa mtoto aliyemaliza uji.

Tukaitundika mizinga yote miwili kwa waya kwenye kipori chini ya shamba la kahawa, kimo cha kifua cha mtu mzima, viunzi vikiwa vimepakwa nta ili kuwavuta nyuki.

Jumapili iliyofuata nilisema tumbo linaniuma. Walipokwisha kwenda kanisani, nilichukua mafuta ya taa na kitambaa, nikateremka kiporini. Nikafunua mzinga wa Editha, nikaupaka ndani, ukuta hadi ukuta, nikaufunika vizuri. Nyuki hawakai penye mafuta ya taa. Alinifundisha Baba mwenyewe. Nilirudi nikikimbia, na sitawadanganya, ilikuwa ni kwa furaha.

Siku mbili baadaye Baba alitutuma tukatoe buibui mizingani. Editha akafunua wake, akainamisha kichwa. Alipoinuka alinitazama, macho yamejaa maji. Nilikuwa nimeandaa uongo wa kila namna.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Buibui tu," alisema. Akafunika.

Mwezi haukuisha, nyuki wakaingia mzinga wangu. Baba alinishika mabega, akanitembeza kwa majirani kama bibi harusi. Mzinga wa Editha ulibaki mtupu. Baba alipomwita waanze mwingine, alijibu kutoka jikoni alikokuwa na mama yangu, "Mjomba, namsaidia Mama kupukuchua mahindi." Alijibu hivyo mpaka Baba akaacha kumwita. Penseli ikarudi nyuma ya sikio la Baba, futi kamba ikarudi mkononi mwangu. Nilichojiuliza ni kwa nini Baba sasa alikuwa anafanya kazi kimya.

Mwaka jana nilikwenda Lituhi kumtembelea Editha. Ana watoto wanne na nyumba nzuri. Tulikuwa tunaparua samaki nikashindwa kuendelea kunyamaza.

"Editha, ule mzinga wako…"

"Mafuta ya taa," alisema, kisu hakikusimama. "Niliisikia harufu siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mmoja wetu angeondoka pale nyumbani. Na wewe ulikuwa kwenu."

Nikamwambia nitamweleza Baba, kwa sababu mpaka leo, kila ndugu wakikutana, yeye husimulia jinsi nyuki walivyomkataa Editha, na watu wote hucheka, Editha akiwemo.

"Usimwambie," alisema. "Ameshazeeka. Mwache na mwanawe."

Miaka yote ile niliamini kwamba Editha alikuja kuninyang'anya baba. Nilikuwa na Baba mezani, shambani, kanisani. Nilikuwa naye hata siku nilizonuna. Editha alikuwa naye kwenye meza ya kazi tu, kwa muda wa kunyoosha ubao mmoja na mwingine. Kati ya vyote vilivyokuwa nyumbani kwetu, kazi ile ya mbao ndicho kitu pekee alichokigusa, na ndicho nilichokipaka mafuta. Baba bado anasimulia. Mimi bado nakaa pale, nacheka na wenzangu.