Rangi ya Bahari

Juzi niliona picha ya meli kubwa ya abiria ya zamani, yenye mabomba manne ya moshi, nikamkumbuka babu akichoma matofali Kihesa. Ujanani alichochea makaa ya mawe kwenye meli kama ile. Alasiri moja, tanuri likinuka udongo mbichi na moshi wa mkaratusi, niliwaleta wenzangu awasimulie habari za bahari.

"Babu, maji yake yana rangi gani?"

Akasukumia gogo motoni, akafuta jasho. "Sijui, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa chini, kwenye moto."

Wenzangu wakacheka. Nikaamini babu alikuwa ametudanganya siku zote.

Pichani, abiria wamejipanga juu wakitazama bahari. Kule chini alikokuwa babu, hakuna dirisha hata moja.