Dawa ya Kikohozi pale Kingsbury

Jumanne, nikiwa katika duka la dawa za Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, pale Kingsbury huku ughaibuni, bibi mmoja wa Kipemba aliomba dawa ya kikohozi. Mwenye duka, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Unguja, alimuuliza kwa Kiswahili, "Kimeanza lini, bibi?"

Bibi alikunja ncha ya mtandio wake. "Sina kikohozi, bwana. Nyumbani wajukuu wananijibu Kiingereza. Nimeambiwa wewe wazungumza Kiswahili."

Mzee alimsogezea kiti. "Basi kaa nikuhadithie. Dawa hii ya tangawizi na pilipili manga babu yangu alijifunza kuisaga Gujarat, akaja kuiuza sokoni Darajani, Unguja. Sasa naisaga mimi huku."

"Darajani upande gani?" bibi aliuliza, akakaa.

Mimi nilikuwa nimeshanunua dawa yangu na basi langu lilikuwa linakuja. Nililiacha lipite.