Mama Silantoi, Mgonjwa wa Chuoni

Jirani yangu Mama Silantoi kazi yake ilikuwa kuumwa. Asubuhi anauza maziwa sokoni hapa Babati, mchana anapanda bajaji kwenda chuo cha uuguzi, analala kitandani na kuumwa chochote anachoambiwa na Mwalimu Gerson. Wanafunzi wanamhoji, wanamgusa, wanampima, ili siku wakikutana na mgonjwa wa kweli wajue pa kuanzia. Mimi nilikuwa naenda naye kuigiza ndugu wa mgonjwa, mwanangu mgongoni.

Alikuwa hodari. Akipewa homa ya mapafu, anahema mpaka mimi mwenyewe nasahau kwamba tumetoka nyumbani tukicheka. Na utani hakuacha hata akijifanya anakata roho.

"Mwanangu, mikono yako ya baridi kama chura. Unataka kunitibu au kunimaliza?"

"Mama, mgonjwa mahututi hatanii," Mwalimu anasema kutoka pembeni.

"Haya, ngoja nife kidogo."

Wanafunzi hoi kwa kicheko.

Kuna kitu kimoja kilikuwa hakikai vizuri moyoni mwangu. Mwanafunzi akishamfunga mkanda wa presha anajaza upepo, anasikiliza, kisha anainua kichwa: "Mwalimu, presha ngapi?" Mwalimu anasoma ya kwenye karatasi, inayoendana na ugonjwa wa siku hiyo. Ile aliyoisikia mwanafunzi inabaki humo humo masikioni. Ndivyo zoezi lilivyokuwa, na hakuna aliyeona ubaya. Ugonjwa wenyewe si wa kuigiza?

Masika yalipoisha, Mama Silantoi alianza kujifunga kitambaa kichwani, anakikaza mpaka ngozi ya paji inakunjamana. Siku moja nilimwona anamimina maziwa pembeni ya chupa ya mteja, anaendelea kumimina, na haoni. Yalikuwa yanatiririka miguuni kwake.

"Mama, twende hospitali wakuangalie."

"Hospitali kufanya nini? Kila siku napimwa na watoto wa watu, akitoka huyu anaingia huyu. Kungekuwa na kitu si wangeniambia?"

"Namba wanazosema si zako, Mama. Ni za karatasi."

"Masikio si wanayo? Mtu asikie kibaya anyamaze?"

Akabeba ndoo yake akaondoka, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

Siku ya mtihani aliambiwa aumwe tumbo. Akaingia Vailet, binti mpole wa kule Mutuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ulimi ulikuwa mzito. Nikadhani ni uigizaji. Lakini alikuwa ameshika kichwa, si tumbo.

Vailet akamfunga mkanda, akasikiliza. Akajaza upepo tena, juu zaidi.

"Mia moja ishirini kwa themanini," Mwalimu akasoma. "Endelea."

Vailet hakuendelea. "Mwalimu, mimi nasikia mia mbili na kumi."

"Kwenye mtihani tunatumia ya karatasi."

"Najua, Mwalimu. Lakini hii je?"

Vailet akahamishia mkanda mkono wa pili, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mwalimu akachukua kipimo cha kusikilizia akakivaa masikioni mwenyewe. Akaiweka karatasi pembeni.

"Mama Silantoi, acha kuigiza sasa. Unajisikiaje?"

Mama Silantoi akatabasamu. Tabasamu likaenda upande mmoja tu.

"Mama, nimesema acha."

Alikuwa ameshaacha.

Tulimkimbiza hospitali kwa gari la chuo, Vailet amempakata kichwa. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mikono yake inafanya kazi huku anauliza.

"Presha yake huwa ngapi?"

Mwalimu Gerson akamtazama Vailet. Vailet akatazama chini.

"Hajawahi kupimwa?"

"Anapimwa," nikajibu mimi. "Chuoni. Karibu kila siku."

"Vizuri. Haya, nipeni namba."

Hakuna aliyekuwa nayo. Muuguzi alisimama akatuangalia mmoja mmoja, mpaka Mama Silantoi alipotoa sauti kitandani. Alikuwa anataka kutujibia. Mdomo ulivuta, ukavuta, na kilichotoka hakikuwa neno.

Sasa yuko kwa binti yake, kule Sigino. Nikienda namwekea mwanangu mapajani, anamshika kwa mkono mmoja. Kila ninachosema anaelewa. Yeye neno bado hajalipata.