Sahihi Yangu Katika Daftari la Injini

Nilikulia Ihanda, kijiji cha nyanda za juu, bila kuona maji mapana kuliko mto, kisha jeshi likanipeleka kufanya kazi ndani ya manowari. Zilikuwa enzi za ruksa, masharti ya ujamaa yalipolegezwa. Meli yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwa imetumikia jeshi la nchi ya mbali kaskazini, kwenye bahari yenye barafu, ndipo tukapewa sisi. Wakufunzi waliokuja nayo waliiita frigeti, yaani manowari ya ukubwa wa kati. Jina lake la zamani lilikuwa limefunikwa kwa rangi ya kijivu, lakini ukipitisha kiganja ubavuni ulizihisi herufi.

Nilipangiwa chumba cha injini. Fundi mkuu wa kule ilikotoka, mzee asiye na vidole viwili, alibaki nasi miezi kadhaa akitufundisha kupitia mkalimani. Siku moja alinifungulia daftari la zamani la injini, akanionyesha ukurasa wa moto uliowahi kuwaka mle ndani. Baharia aliyeacha valvu wazi alikuwa ameandika kosa lake mwenyewe na kutia sahihi.

"Huyu ni mimi," mzee alisema, akauinua ule mkono wenye vidole vitatu, akacheka.

Tulikuwa wawili tuliotoka huku kwetu nyanda za juu. Mwenzangu alikuwa Mndali wa milima ya Ileje. Mabaharia wa pwani walitutania kwamba tumekuja kulima kahawa baharini. Wiki ya kwanza tulitapika pamoja kwenye ndoo moja, na baada ya hapo hatukuachana. Wakati wa likizo alikuwa akilala kwetu Ihanda kabla ya kuendelea kwao, na baba yangu alimwita "mwanangu". Alipooa, mpambe wake nilikuwa mimi.

Miaka ikapita, vipuri vikaadimika. Kiwanda kilichotengeneza injini zile kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo tulizitunza kwa kubembeleza. Mchana mmoja tukirudi kutoka doria, nikiwa mezani nakula, nilisikia injini ya kushoto ikibadilisha sauti. Nilishuka mbio. Yule Mndali mwenzangu, aliyekuwa zamu, hakuwepo. Mshale wa presha ya oili ulikuwa umelala kwenye sifuri na moshi umejaa. Nilizima injini kwa mkono, nikaungua hadi kwenye kiwiko. Nilipopanda juu nilimkuta nyuma ya mzinga, redio sikioni, anasikiliza mpira.

Alipoona mkono wangu akapiga magoti.

"Kaka, nina makaripio mawili tayari. Hili la tatu wananifukuza, na mke wangu ana mimba. Wewe huna hata moja. Andika kwamba tulibadilishana zamu. Tukifunga gati nitakwenda kwa kamanda mwenyewe nimweleze."

"Utakwenda kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nikaandika hivyo kwenye daftari la injini. Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji.

Hakwenda. Kila nilipomuuliza alisema anasubiri kamanda atulie. Injini haikutengenezeka, meli ikabaki gatini, na ikabidi mtu ajibu. Mbele ya kamati ya uchunguzi niliusema ukweli wote. Wakamwita yeye. Alisimama kwa ukakamavu, macho ukutani.

"Zamu haikuwa yangu, afande. Tulibadilishana, naye aliandika mwenyewe."

Nilimtazama hadi alipotoka. Hakugeuka. Mwezi huohuo niliachishwa kazi.

Nyumbani habari zilinitangulia. Baba hakuniuliza kitu, na kutoniuliza kwake kuliniumiza kuliko matusi. Nilipojaribu kumweleza alisema, "Yule mtoto amekula kwangu, hawezi," akachukua jembe akatoka. Alifariki akiwa bado anaamini hivyo. Mimi nilihamia mji mdogo wa Mpemba, nikaoa, nikawa fundi na mwendeshaji wa mashine ya kusaga. Mke wangu nilimsimulia yote kabla ya ndoa. Alisikiliza, akasema tuyaache yaliyopita.

Mpemba ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Ileje, kwa hiyo nilijua iko siku yule Mndali atapita. Alipita baada ya kustaafu, ana cheo na kitambi, anakwenda msibani kwao. Alisimamisha gari mbele ya mashine, akanikumbatia nikiwa mweupe kwa unga, kisha akanipa kijitabu. Alikuwa amekiandika yeye kwa ajili ya mabaharia wa zamani: historia ya meli yetu tangu kule kwenye barafu hadi ilipokatwakatwa kuwa chuma chakavu. Nilifungua kurasa za mwisho. Zilisema utumishi wa meli ulikatishwa na uzembe wa fundi mmoja aliyeacha zamu yake.

"Sikukutaja jina," alisema haraka.

"Fundi gani huyo?"

"Kaka, meli yenyewe haipo tena. Nani atauliza?"

"Mimi nauliza. Nani alikuwa zamu?"

Akatazama barabarani, kisha akanishika begani. "Mimi. Unajua ni mimi. Lakini nina watoto wakubwa sasa, wananiheshimu. Unataka nifanyeje?"

Sikujua kwamba mke wangu alikuwa nyuma ya mlango, ameshika ungo. Akatoka.

"Karibu, shemeji. Ugali uko tayari. Ukishakula, hayo uliyosema utayarudia mbele ya wanangu."

Alisema ana haraka, msiba unamsubiri. Aliwasha gari akaondoka kuelekea milimani, kijitabu kikabaki mkononi mwangu. Alirudi kwa njia ipi sijui, kwetu hakupita.

Nilidhani mke wangu atakasirika pamoja nami. Badala yake aliketi juu ya gunia la mahindi, akalia.

"Baba watoto, nisamehe," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa sikuamini. Nilidhani unamsingizia mwenzio kwa aibu."

Nilikuwa na wateja wawili wanasubiri. Niliwasagia mahindi yao kwanza, hadi debe la mwisho.